Kujumlisha na kutoa kwa mstari wa nambari: mtoto ahesabu miruko

Wazazi wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wameniuliza sana kuhusu ule mstari wenye nambari ulio kwenye vitabu vya hesabu vya watoto. Wengi wetu tulijifunza kwa vizibo vya soda na vijiti, kwa hivyo mtoto akija na kazi hiyo jioni tunabaki kuitazama tu. Haya, tuanze. Utahitaji chaki na sakafu.

Kwanza, chora. Mstari ulionyooka, kuanzia 0 hadi 20, nafasi ziwe sawa. Sifuri usiiruke, hata kama mtoto anasema haina kazi. Nyumba ikiwa na vigae, nusu ya kazi umeshafanyiwa. Ila andika nambari pale vigae viwili vinapokutana, usiandike katikati ya kigae. Sababu inakuja. Mwishoni weka mshale, mtoto ajue kwamba nambari haziishii 20.

Pili, atembee. Kalamu iwekwe kando kwanza. Mwambie asimame kwenye 3, kisha aruke mara 4 kwenda mbele. Hapa mtazame miguu na mdomo kwa pamoja. Watoto wengi husema "moja" wakiwa bado wamesimama pale pale kwenye 3, "mbili" wakifika 4, na mwisho wanatua 6. Ukiona mtoto ambaye majibu yake ya kujumlisha yanapungua kwa moja kila mara, wala si kwa mbili wala tatu, tatizo ni hili. Kuhesabu anajua. Anachohesabu ni nambari alizokanyaga badala ya miruko aliyoruka.

Mtoto wa Nairobi mwelezee kwa matatu. Mmepanda Ngara, mnashuka Muthaiga. Je, gari limewasogeza steji ngapi? Ngara mlipopandia haimo kwenye hesabu. Mkifika Pangani ndiyo moja, Muthaiga ndiyo mbili. Ndiyo maana nambari zikae kwenye kiungo cha vigae: kigae ndicho mruko, na mdomo useme "moja" mguu ukishatua upande wa pili. Msiharakishe hapa. Afadhali jioni kadhaa ziishie kwenye hatua hii kuliko kumpeleka mbele akiwa na kosa hilo, kwa sababu atalibeba hadi kwenye kutoa, na huko litageuka: jibu litazidi kwa moja.

Tatu, kujumlisha. Mpe 2 + 9. Ataanzia 2 na kuruka mara tisa. Mwache aruke. Kisha muulize kama angeanzia 9 ingekuwaje. Akigundua kwamba miruko miwili inamfikisha kwenye 11 ile ile, hutahitaji kumkumbusha tena aanze na nambari kubwa.

Nne, kutoa. Sasa anarudi nyuma. 13 − 5: asimame 13, arudi mara tano, atue 8. Akizoea, aigawe safari: miruko 3 imfikishe 10, iliyobaki 2 imfikishe 8. Kupumzika kwenye kumi kutamfaa sana baadaye.

Lakini kutoa kuna sura nyingine, na nyumbani huwa tunaisahau. Chukua 52 − 48. Ukimwambia arudi nyuma mara 48, atakuchukia wewe na hesabu pia. Muulize badala yake: kutoka 48 hadi 52 ni miruko mingapi? Minne, basi. Muuza duka anayekurudishia chenji hufanya hivi hivi. Umenunua kitu cha shilingi 65, umempa noti ya mia. Anaweka sarafu ya tano mkononi mwako, "sabini". Ya kumi, "themanini". Ya ishirini, "mia". Hakutoa chochote kichwani, amepanda tu kutoka 65 hadi 100, na mkononi una 35. Mtume mtoto dukani akasikilize.

Tano, mstari mtupu. Nambari zikiwa kubwa, vigae havitoshi. Chora mstari kwenye karatasi bila alama yoyote. Kwa 38 + 25, aandike 38 upande wa kushoto, aruke 20 hadi 58, aruke 2 hadi 60, aruke 3 hadi 63. Vipimo si lazima vilingane. Mbinu hii ilikuzwa na walimu wa hesabu Uholanzi kabla ya kuenea kwingine, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote hapa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sisi tunaishi chumba kimoja Pipeline, na sakafu ina kapeti. Tufanyeje?*

Mama, tumia kamba ya nguo. Andika nambari kwenye vipande vya karatasi, uvibane kwa pegi kwa umbali ulio sawa, na pegi moja ya rangi tofauti iwe ndiyo inayoruka. Rula ya shuleni pia ni mstari wa nambari, 0 hadi 30. Angalia tu sifuri yake iko wapi, maana kwenye rula nyingine haianzii pembeni kabisa.

*Wangu bado anatumia vidole. Nimkataze?*

Usimkataze. Atahesabu miruko kwa vidole, hakuna ubaya. Vitaachwa vyenyewe akianza kuruka kwa kumi, kwa sababu vidole vinakuwa kazi ya ziada.

*Shuleni wanapanga nambari wima, makumi na mamoja. Sitamchanganya?*

Mzazi, kwenye daftari la shule afuate njia ya mwalimu wake. Mstari autumie kukagua. Akipanga 52 − 48 wima akapata 16, mstari utamwonyesha mara moja kwamba 48 na 52 ni majirani, haziwezi kuachana kwa 16. Kosa hilo la 16 ni la kawaida: ametoa 2 kutoka 8 kwa kuwa 8 ndiyo kubwa.

*Kijana wangu ameniuliza 5 toa 8 ni ngapi. Nikamwambia haiwezekani. Sawa?*

Baba, usimfungie mlango. Mwingereza John Wallis alilieleza jambo hili mwaka 1685 kwa mtu anayetembea: akienda mbele yadi 5 kisha akarudi 8, atakuwa yadi 3 nyuma ya pale alipoanzia. Basi rudi kwenye sakafu, ongeza vigae vitatu upande wa kushoto wa sifuri, umwache aruke. Majina ya nambari hizo atayapata shuleni wakati wake ukifika.