Kabla hujapakia unga kwenda kwa waliokumbwa na kimbunga

Mimi ni muuza mahindi hapa Kibaigwa, Dodoma, kwa hiyo kila maafa yakitokea simu yangu haipoi: "Mama, tuchangie gunia ngapi?" Kimbunga Hidaya kilipopiga Mafia na pwani ya kusini, Mei 2024, ilikuwa hivyo hivyo.

Jibu langu: piga simu kwanza. Tafuta mwenyekiti wa kijiji au kina mama wa kikoba cha huko, kile kikundi cha kuweka na kukopa, uulize wamepungukiwa nini. Wao ndio wanaojua nyumba ipi imelala njaa. Na uliza barabara; mwaka ule maji yalikata njia ya Lindi pale Somanga, na lori haliogelei.

Wakisema chakula, usipeleke mahindi ya punje. Mashine haina umeme, watasaga wapi? Peleka sembe, unga wa mahindi yaliyokobolewa, maana dona, usiokobolewa, huchacha mapema. Mimi hufungasha kilo tano tano, nailoni ndani, kiroba nje, mdomo naukunja mara mbili ndipo nafunga kamba. Mfuko huo mtu anaubeba kichwani akivuka tope, na kugawa hakuhitaji mizani wala ugomvi. Mlenda mkavu tuache hapa kwetu Ugogoni, jamani. Mtu wa pwani usimjaribie siku ya shida.

Maduka yao yakiwa wazi, tuma pesa. Itumwe kwa simu ya mweka hazina wa kikoba, majina yasomwe mbele ya watu, daftari libaki kwao. Ukitaka picha, omba ya daftari, si ya mtu anapokea unga.