Bima ya afya kwa Beamter mpya Ujerumani: usiichezee miezi sita ya kwanza

Kama unakaribia kuapishwa kuwa Beamter, yaani mtumishi wa serikali wa Ujerumani anayekula kiapo, iwe ualimu, mahakamani au ofisi ya kodi, usisaini karatasi yoyote ya bima kwanza. Watu wengi wanasaini na wakala wa kwanza aliyewapigia simu, alafu wanakuja kuuliza maswali baadae wakati milango mingine imeshafungwa.

Mfumo wenyewe uko hivi. Mfanyakazi wa kawaida analipa nusu ya mchango wa bima na mwajiri analipa nusu, ila we Beamter hauko huko. Serikali inakulipia asilimia fulani ya kila bili ya matibabu, hiyo ndo inaitwa Beihilfe, na kile kinachobaki unakikatia bima binafsi. Kwa watumishi wa serikali kuu na majimbo mengi viwango ni hivi: wewe mwenyewe 50%, ukiwa na watoto wawili au zaidi wanaohesabika (yaani wanaopata Kindergeld, posho ya serikali ya watoto) unapanda hadi 70%, mume au mke 70% (ila kipato chake kisipite kikomo, na kikomo kila jimbo lina chake), mtoto 80%, na ukistaafu nawe unapata 70%. Hessen na Bremen wana hesabu zao tofauti kwahiyo ukiwa huko usichukue namba hizi kichwakichwa. Na kama unaingia polisi au jeshi uliza kwanza kuhusu Heilfürsorge, maana huko mara nyingi mwajiri anabeba matibabu yako ukiwa kazini na unachohitaji ni Anwartschaft, yaani kulipa kidogo ili nafasi yako kwenye bima binafsi ikungoje.

Sasa hapa ndo penye uzito. Bima binafsi inakuuliza maswali ya afya, na majibu yako ndo yanapanga bei au hata kukataliwa. Kabla ya kujaza omba kumbukumbu zako kwa madaktari wako na kwenye bima yako ya zamani, uone wameandika nini, kwasababu unaweza kukuta kuna ugonjwa umeandikwa ambao hata hujawahi kuambiwa. Ukificha kitu, au ukisahau, kampuni ikija kugundua inaweza kuvunja mkataba na hapo utakuwa umeshaumwa tayari. Jibu ukweli wote, hata wakala akikwambia "hiyo ndogo tu, acha". Alafu usipeleke maombi rasmi kila mahali, mwambie wakala aulizie bila jina kwanza, wanaita anonyme Risikovoranfrage, unapata majibu ya kampuni kadhaa na jina lako halijaachwa popote.

Na kama una sukari, presha, au uliwahi kwenda kwa mtaalamu wa saikolojia, usikate tamaa kabisa. Kuna mpango unaitwa Öffnungsaktion, kampuni nyingi za bima binafsi zimejiunga nao: ukiomba ndani ya miezi sita tangu uajiriwe kuwa Beamter kwa mara ya kwanza, hawawezi kukukataa kwasababu ya ugonjwa, hawawezi kuuondoa ugonjwa wako kwenye mkataba, na nyongeza ya bei haizidi 30%. Tangu 2019 hata walio kwenye mafunzo, Beamter auf Widerruf, wanaingia humo. Ila lazima kwenye maombi useme wazi kwamba unaomba kwa masharti hayo, na miezi sita ikipita ndo basi. Andika hiyo tarehe mahali unapoiona kila siku.

Je bima ya umma? Unaruhusiwa kubaki kwa hiari, tatizo ni kwamba kwa kawaida unalipa mchango wote mwenyewe na Beihilfe inakuwa haikusaidii karibu chochote. Hamburg walibadilisha hilo kuanzia Agosti 2018, wanakulipia nusu ya mchango badala ya Beihilfe ya bili moja moja, inaitwa pauschale Beihilfe, na baadae Berlin, Brandenburg, Bremen, Thüringen na Baden-Württemberg nao wakafata. Kwa mtu mwenye ugonjwa mzito, au mwenye mwenza asiye na kipato na watoto kadhaa, naona inafaa kabisa kuipigia hesabu. Ila ukishaichagua hurudi nyuma, na ukihamia jimbo lisilo na mpango huo ile nusu inapotea. Kijana mwenye afya nzuri kwa kawaida atalipa kidogo zaidi kwa njia ya Beihilfe na bima binafsi.

Ukishakuwa ndani, bili inakuja kwako wewe, sio kwa bima. Tuseme umeenda kwa daktari kupata ushauri tu: kwenye bili utaona Ziffer 1, yaani namba ya huduma hiyo kwenye orodha ya bei za madaktari, pembeni yake 2,3 ambayo bei ya msingi inazidishwa nayo, na bei euro 10.72. Hiyo 2,3 ndo kizidisho cha kawaida, daktari akipita hapo lazima aandike sababu, na kama hajaandika mrudishie bili aijaze kabla hujaituma popote, la sivyo Beihilfe wanakata na tofauti inabaki mfukoni mwako. Nakala moja unatuma Beihilfestelle, yaani ofisi inayolipa Beihilfe, nyingine bima, siku hizi sehemu nyingi ni kwa app tu. Serikali kuu wanataka bili zifike jumla ya zaidi ya euro 200 ndo utume, na wanakupa miaka mitatu tangu tarehe ya bili, majimbo mengine muda ni mfupi hivyo usirundike karatasi. Bili kubwa ya hospitali uliza kama wanaweza kulipwa moja kwa moja, na kwenye akaunti weka akiba ya kutosha kulipa daktari kabla pesa hazijarudi.

Vitu vya kuomba kibali kabla: tiba ya saikolojia. Meno ya bandia na implanti tuma mpango wa gharama mapema kwa Beihilfestelle na kwa bima, maana kwenye vifaa na kazi ya maabara Beihilfe mara nyingi wanatambua sehemu tu. Kwa mapengo kama hayo kuna nyongeza inaitwa Beihilfeergänzungstarif, mi naiona inalipa kabisa ila soma inachofunika. Chumba cha watu wawili na daktari mkuu hospitalini nayo inategemea jimbo, Baden-Württemberg unakatwa euro 22 kwa mwezi ukitaka, Rheinland-Pfalz 26.

Mwisho kuna mabadiliko ya familia. Mtoto akizaliwa mwandikishe kwenye bima ndani ya miezi miwili, hataulizwa afya. Na watoto wakimaliza kupata Kindergeld, 70% yako inashuka kurudi 50%, hapo una miezi sita kuiambia bima ipandishe sehemu yake bila maswali ya afya. Beihilfestelle hawatakukumbusha, we ndo wa kuwaandikia bima, na barua ya kuonyesha kiwango kipya uiambatanishe.