Kuomba kibali cha njia ya kuingilia kutoka barabara ya umma: maelezo kwa wenye viwanja nchini Uganda

Kiwanja changu kiko kando ya barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu, katika mji ambao Kiswahili kimezungumzwa nyumbani na sokoni kwa vizazi kadhaa, na kati ya lami na ghala langu hupita mtaro wa maji wenye kina cha karibu mita moja. Nilipotaka lori la saruji lifike hadi mlangoni, nilifanya wanavyofanya wengi: nilimwita fundi, nikanunua kalavati, yaani mabomba makubwa ya kupitishia maji chini ya njia, tukazifukia kwa maramu (udongo wa changarawe), nikasimamisha geti la chuma. Kazi ilikwisha kwa siku tatu. Kuivunja, kuomba kibali na kuijenga upya kulinichukua miezi saba na kunigharimu zaidi ya mara tatu ya fedha za mwanzo, na kabla ya hapo jirani yangu alikuwa amekesha akichota maji jikoni mwake kwa sababu yangu. Nazieleza hatua hizi kwa mpangilio ambao ningeufuata leo.

Hatua ya kwanza, na ndiyo iliyonila muda mwingi kuliko zote, ni kujua barabara ni ya nani. Barabara za Uganda zimegawanywa katika za kitaifa, za wilaya, za miji, na zile za jamii zinazounganisha vijiji, na kila kundi lina mwenye mamlaka nalo. Za kitaifa zilikuwa mikononi mwa UNRA, yaani Mamlaka ya Barabara za Taifa, iliyoanza kazi mwaka 2008, lakini chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2024 mamlaka hiyo ilivunjwa na majukumu yake yakarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kwa hiyo usipeleke barua kwa jina la UNRA kwa kuwa tu umeliona kwenye bango la zamani. Barabara ya wilaya ni ya mhandisi wa wilaya, ya mji ni ya mhandisi wa mji, na zile za jamii huanzia gombolola, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya. Jijini Kampala barabara nyingi ziko chini ya KCCA, yaani Mamlaka ya Jiji la Kampala, ambayo ina divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe haihusiki na maelezo haya, kwa kuwa imezungushiwa uzio na huingiliwa kwenye makutano yake maalumu tu.

Mimi nilidhani kwamba kwa kuwa kiwanja kimo ndani ya mji na leseni ya biashara naikata mjini, basi na barabara ni ya mji. Ofisi niliyoanza nayo ilipokea barua yangu, ikaigonga muhuri, ikaniambia nisubiri. Nilisubiri wiki kumi. Siku niliyorudi nikamkuta ofisa mwingine, akaifungua faili, akasoma mstari wa kwanza tu, akaniambia kwamba barabara hiyo ni ya kitaifa na kwamba ofisi yao haina uwezo wa kuniruhusu hata kuondoa jiwe moja kwenye mtaro wake. Muhuri wa mapokezi unathibitisha kwamba barua imefika, lakini hauthibitishi kwamba imefika panapostahili. Kabla hujaandika chochote, mwulize mhandisi wa mji au wa wilaya jina rasmi la barabara yako na kundi iliyomo, na umwombe akuandikie jibu hilo, hata kama ni mistari miwili.

Hatua ya pili ni kupima hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi ya umma ulio pande zote mbili za barabara. Watu wengi huamini kwamba mpaka wa kiwanja ni pale mtaro unapoishia, na imani hiyo imewavunjia wengi kuta na vibanda. Hifadhi hupimwa kuanzia katikati ya barabara, si kuanzia ukingo wa lami. Sheria ya zamani ya barabara iliruhusu kutangazwa hifadhi isiyozidi futi 50 kila upande, ambazo ni kama mita 15, na namba hiyo bado imo vichwani mwa mafundi. Lakini upana hutofautiana kulingana na barabara, na Sheria ya Barabara ya 2019 ndiyo inayotumika sasa, kwa hiyo uliza upana wa barabara yako na usikubali kukisiwa. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kujenga wala kupanda miti bila idhini ya maandishi ya mamlaka husika, hata kama umekuwa ukilima mihogo hapo kwa miaka 20.

Nilipokwenda na mpima ardhi, tulifunga barabara kwa muda mfupi tukisaidiwa na vijana wawili wa bodaboda, tukashika utepe kwenye mstari mweupe wa katikati na kuuvuta hadi kwenye geti langu. Ulisoma mita 11 na sentimita 40. Geti lote, pamoja na nguzo zake mbili za zege, lilikuwa limesimama juu ya ardhi ya umma, na jiwe la mpaka wa kiwanja tulilikuta nyuma yake, chini ya rundo la kokoto nililolimwaga mimi mwenyewe. Mlipe mpima ardhi akufungulie mipaka kabla ya kuchora chochote. Ukilirudisha geti ndani, liache umbali wa kutosha ili lori linalosubiri kufunguliwa lisiache mkia wake juu ya lami, na milango ifungukie ndani.

Viambatisho sitavirefusha, kwa kuwa kila aliyewahi kuomba huduma serikalini anavijua: barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), nakala ya kitambulisho cha taifa na nakala ya hati ya ardhi. Mwenye kibanja, yaani anayekaa kwa haki kwenye ardhi ya mailo ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, aongeze makubaliano yake ya ununuzi na barua ya idhini kutoka kwa mwenye hati, na aanze kuitafuta barua hiyo mapema. Kama njia ni sehemu ya jengo jipya, ombi la jengo nalo lapaswa kupita kwa ofisa wa mipango, kwa sababu Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 imeifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, na kijijini si kisingizio. Onyesha njia ya kuingilia kwenye mchoro wa jengo tangu mwanzo. Kuiongeza baadaye ni kuanza upya.

Mchoro wa njia yenyewe ndio unaosomwa kwa makini. Uonyeshe upana wa njia, mwinuko wake kutoka lami, namna kona zake zinavyopinda ili gari kubwa ligeuke bila kupanda ukingo, umbali hadi makutano yaliyo karibu, na kile ambacho dereva anayetoka ataweza kukiona. Hili la mwisho nalisisitiza. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, gari linalokutishia kwanza unapotoka getini ni lile linalotoka kulia kwako. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kama katika maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Linalokwenda kilomita 100 kwa saa, kama katika barabara kuu ya lami nje ya miji, hupita karibu mita 28. Dereva anayehitaji sekunde tano ili lori lake liingie barabarani anapaswa kuona mita 70 upande wa kulia katika hali ya kwanza na mita 140 katika hali ya pili, na kwangu palikuwa na mwembe na kibanda cha kuuza muda wa maongezi vilivyoziba macho kwenye mita 40. Simama mahali ambapo kiti cha dereva kitakuwa, piga picha kulia na kushoto, na uziambatishe. Ofisa aliyeshughulikia faili langu aliziangalia picha hizo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote, kisha akanitaka niisogeze njia upande wa pili wa kiwanja.

Sasa niseme juu ya maji. Fundi wangu wa kwanza alinishauri kalavati za kipenyo cha milimita 300 kwa sababu ni nyepesi na bei yake ni nafuu, nami nikakubali kwa kuwa wakati huo mtaro ulikuwa mkavu. Mvua za Machi zilipoanza, maji yalishuka na maganda ya mahindi, majani ya migomba na makavera (mifuko ya plastiki), na kwa muda wa usiku mmoja tundu likaziba kabisa. Maji yalipokosa njia, yalipanda ukingo na kuingia kwa jirani yangu, Hajati mmoja mzee ambaye jiko lake liko chini kidogo ya usawa wa barabara. Asubuhi nilimkuta ameketi juu ya meza, magunia mawili ya mkaa yakiwa yameelea hadi mlangoni. Hakunitukana. Aliniambia, "Mwanangu, mtaro huu nimeukuta nilipoolewa hapa, na haujawahi kuingia jikoni kwangu." Maneno hayo bado yananiuma, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Barua ya kibali niliyopewa baadaye ilitaka kalavati za milimita 600. Usidhani kwamba tofauti ni mara mbili: tundu la milimita 600 lina eneo mara nne ya lile la 300, na mtu anaweza kuingiza koleo na mkono akalisafisha. Barua ilitaka pia kuta za zege kwenye ncha zote mbili ili udongo usiporomokee mtaroni, sakafu ya kalavati ifuate mteremko wa mtaro bila kuinuka, na uso wa njia uteremke kuelekea kiwanjani kwa mita chache za mwanzo ili maji na maramu kutoka kwangu yasimwagike juu ya lami. Kalavati zitokeze pembeni mwa njia kwa urefu wa kutosha. Ndugu yangu aliyejenga kabla yangu alizikata fupi, na kila mwaka mvua humlia njia yake pembeni.

Ukishawasilisha, dai namba ya faili, kisha uulize ukaguzi utafanyika lini na nani anausimamia. Malipo yote yafanyike kwa namba ya malipo inayotolewa rasmi, ukalipe benki au kwa simu na kubaki na risiti yenye jina lako. Nilimpa mtu fedha taslimu aliyeniambia kwamba atalisukuma faili. Baadaye nilifahamu kwamba hakuwa mfanyakazi wa ofisi yoyote, na faili halikuwa limeondoka mezani. Siku ya ukaguzi uwepo wewe mwenyewe pamoja na fundi atakayejenga, kwa sababu mambo mengi husemwa kwa mdomo pale mtaroni na fundi asiyeyasikia hatayatekeleza. Baada ya kila ziara niliandika barua fupi ya kuthibitisha tulichokubaliana na kuipeleka mapokezi. Barua hizo ziliniokoa pale ofisa wa pili alipotaka vipimo tofauti na vya wa kwanza.

Kabla ya kuchimba, ziandikie taasisi zenye mabomba na nguzo katika hifadhi hiyo: Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, kampuni ya umeme, na kampuni za simu zenye nyaya za chini ya ardhi. Ukikata bomba, utalipa wewe, hata kama kibali cha barabara kimo mfukoni.

Kwa mwenye ardhi isiyogusa barabara yoyote, njia ni nyingine. Sheria ya 2019 ilichukua nafasi ya sheria mbili za zamani, ile ya barabara na ile ya njia za kufikia barabara, na tangu enzi za ile ya pili msingi ni kwamba kwanza uzungumze na majirani wanaokuzunguka, na wakikataa ndipo uombe amri, ukiwa tayari kumfidia yule ambaye ardhi yake itapitiwa. Weka ushahidi wa mazungumzo hayo, na kikao cha LC1 chenye mihutasari iliyotiwa saini ni bora kuliko ahadi ya kusalimiana msikitini.

Jenga wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Machi au zile za Septemba, na umalize upande mmoja wa kazi kabla ya jioni. Watoto wa shule hupita pembeni mwa barabara, na shimo lililoachwa wazi huwalazimisha kutembea juu ya lami. Tuliweka mbao za kuvukia na mtu wa kuwasimamia asubuhi na alasiri kwa siku zote sita za ujenzi.

Mkaguzi alikuja siku ya nane. Alipima kipenyo, akapima kina pande zote mbili, kisha akamwomba fundi amimine jerikeni tano za lita 20 upande wa juu wa mtaro, naye akashuka upande wa chini na kuchutama mbele ya tundu. Maji yalitoka yote, yakapita mbele ya jiko la Hajati bila kugusa ukingo. Mkaguzi alitia saini, akaniachia nakala moja, na akaandika chini yake kwamba kusafisha kalavati ni jukumu la mwenye kiwanja, kabla ya kila msimu wa mvua.