Namna ya Kuzuru Korongo la Nyari, Marafa

Korongo la Marafa, ambalo Wagiriama huliita Nyari, yaani mahali palipobomoka penyewe, liko katika kaunti ya Kilifi, mwendo wa kilomita zipatazo 30 kutoka Malindi. Huu ndio utaratibu ninaoufuata ninapowapeleka wageni.

Hatua ya kwanza ni kuchagua wakati. Panga kufika ukingoni yapata saa kumi alasiri, kwa sababu mchana joto hujifungia baina ya kuta na upepo haufiki chini, na pia kwa sababu jua likishaanza kuinama ndipo rangi nyekundu, ya waridi na ya chungwa hukolea. Mvua ikiwa imenyesha jana yake, ahirisha safari, maana kuta zilizolowa humeguka ghafla.

Hatua ya pili ni maandalizi: viatu visivyoteleza, kofia, na maji ya kunywa ya kutosha.

Hatua ya tatu, lipa kiingilio na umchukue kiongozi mwenyeji. Kabla ya kushuka, simama naye ukingoni akusimulie habari za familia tajiri iliyooga maziwa huku majirani wakihangaika, hata Mungu akaididimiza ardhini. Weupe wa kuta ni maziwa yale, na wekundu ni damu yao. Hadithi hii isikilize ukiwa juu, ambako matabaka yote huonekana kwa pamoja.

Hatua ya nne ni kushuka, na hapa ndipo ninaposisitiza zaidi. Fuata mkondo mkavu wa maji, wala usipande juu ya matuta. Pitisha kidole ukutani taratibu: chembe za mchanga zitabaki kidoleni, nawe utaelewa jinsi mvua na upepo vilivyoweza kulichonga bonde zima. Chini utaona vinguzo vifupi vya udongo, kila kimoja kimebeba kijiwe kichwani. Kijiwe hicho ndicho mwavuli wake. Matone yamechukua udongo wa pembeni na kuuacha ule uliofunikwa. Nakusihi usikiokote kiwe ukumbusho, kwani mvua chache zitatosha kukimaliza kinguzo kilichobaki wazi.

Anza kupanda saa kumi na mbili kasorobo, kabla jua halijatua, kwa kuwa njia ina rangi ileile ya kuta na giza likiingia huwezi kuitambua.