Somo: Kelele, mshindo na ngurumo katika Kiingereza

Wengi wetu hapa Goma tulijifunza Kiingereza kwa kupitia Kifaransa, na humo ndimo kosa linamoanzia, kwa sababu neno la Kifaransa "bruit" (kelele au sauti) linafunika karibu kila kitu. Naomba leo mliweke kando, muanze na Kiswahili, ambacho tayari kinatofautisha kelele, mshindo, mvumo na ngurumo.

Hatua ya kwanza: tenganisheni "sound" na "noise". La kwanza ni sauti yoyote. La pili ni sauti inayosumbua, au ambayo hujui imetokana na nini. Mkwaruzo mdogo nje ya dirisha usiku ni "noise", hata kama ni hafifu. Ikiwa kubwa, semeni "loud noise". "Strong noise" ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kiingereza.

Hatua ya pili: pimeni muda. Mlango wa bati unaobamizwa na upepo mara moja hutoa "bang", yaani mshindo mfupi na mkavu, na tairi linalopasuka vilevile. Mshindo ukiwa mzito na wenye mwangwi, ni "boom".

Hatua ya tatu: tazameni kilichotokea. Juzi huko Birere pikipiki iliyobeba kreti za chupa iliteleza penye mawe ya lava. Kreti ya juu ikaanguka, na vigae vikatawanyika hadi chini ya meza ya mama anayeuza unga. Mwanafunzi niliyekuwa naye aliandika "bang". Nilimwomba afute aandike "crash", kwa kuwa neno hilo linabeba ndani yake kugongana na kuvunjika, jambo ambalo "bang" halisemi.

Hatua ya nne: sauti inayoendelea. Ikiwa ya chini na inaviringika, kama lori zito linalopita mbali, ni "rumble". Ikiwa imejaa na inatawala masikio, kama umati uwanjani baada ya bao, ni "roar". Radi ina maneno mawili: ikipiga karibu, kwa ghafla, ni "clap", ngurumo inayotoka ng'ambo ya Ziwa Kivu ni "rumble".

Maswali ya wanachama

Dada mmoja wa Himbi: Mwalimu, "roar" si ya simba peke yake?
Jibu: Hapana, dada. Volkeno ya Krakatoa ilipolipuka Agosti 1883, milio yake ilisikika hadi kisiwa cha Rodrigues katika Bahari ya Hindi, karibu kilomita 4,800 kutoka huko, na mkuu wa polisi wa kisiwa aliifananisha na "roars" za mizinga mikubwa iliyo mbali. Mzinga ukiwa karibu nawe ni "bang" au "boom". Huenda umbali ndio uliomfanya achague neno lile.

Ndugu wa Katindo: Kuna tofauti gani kati ya "aloud" na "loudly"?
Jibu: Kubwa sana, na mtihani hupenda kuiuliza. "Read aloud" ni kusoma kwa kutamka badala ya kusoma kimoyomoyo, hata kwa sauti ya chini kabisa. "Loudly" ni kwa sauti kubwa. Mtoto anayemsomea bibi yake mgonjwa kando ya kitanda anasoma "aloud", wala hasomi "loudly".