Kusoma kozi za mtandaoni ukiwa kazini ustawi wa jamii: anza na shauri lililokushinda

Ninafanya kazi ya ustawi wa jamii Moshi, na siku zangu nyingi zinaishia mitaani: Pasua, Njoro, Majengo na pale stendi kuu. Wenzangu huniuliza wasome kozi gani mtandaoni. Kabla sijawajibu, nami huwauliza: shauri gani limekushinda mwezi huu? Kozi isiyoanzia hapo huishia kuwa cheti ndani ya faili, na mtoto uliyemkuta jana hapati chochote.

Hatua ya 1: Andika shauri lenyewe

Chukua daftari, andika sentensi moja. Usiandike "nataka kujifunza ulinzi wa mtoto", hiyo ni bahari. Mimi niliandika hivi: "Mtoto wa stendi alinyamaza nilipomuuliza, kisha akaondoka."

Alikuwa mvulana wa miaka kama kumi, amekaa kwenye ukingo wa saruji karibu na mabasi ya Arusha, anakula muhogo. Nilimsimamia wima na fomu mkononi. Jina lako nani, baba yuko wapi, mama yuko wapi, kwa nini umetoroka nyumbani. Alikunja muhogo wake kwenye karatasi, polepole, akainuka na kujichanganya na abiria. Wiki ile sikumwona tena.

Ile sentensi niliigeuza kuwa swali: nimkaribie vipi mtoto mwenye hofu ili asikimbie? Swali dogo namna hiyo unaweza kulitafutia jibu jioni moja baada ya kazi.

Hatua ya 2: Chagua chanzo kimoja tu

Mimi ninatumia vitatu, vyote tovuti za mafunzo, kimoja kwa kila swali: Agora ya UNICEF, Kaya ya Humanitarian Leadership Academy, na OpenLearn ya The Open University ya Uingereza. Vyote vina kozi za bure. Kwa ulinzi wa mtoto ninaanzia Agora. Kwa matunzo ya wazee na afya ya akili ninakwenda OpenLearn.

Swali langu, hata hivyo, halikujibiwa na kozi. Lilijibiwa na mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani, War Trauma Foundation na World Vision. Unapakuliwa bure, na kiini chake ni vitendo vitatu: angalia, sikiliza, unganisha mtu na msaada anaouhitaji. Unasisitiza usimlazimishe mtu kusimulia yaliyompata. Na kwa mtoto, ushuke hadi macho yenu yakutane, umtajie jina lako, useme kwa sauti ya upole. Niliposoma pale niliiona ile fomu yangu mkononi, nikaumia.

Ukikutana na mtu anayekuuzia kozi na kutaka umtumie pesa kwenye simu kabla hujaona hata ukurasa mmoja wa somo, achana naye.

Hatua ya 3: Pakua usiku, soma mchana

Kozi za OpenLearn unaweza kuzipakua kama PDF. Ninazipakua kwa bando la usiku, halafu nasoma kwenye daladala bila kutumia data. Video ninaziruka, nasoma maandishi yake.

Kiingereza kikikubana, soma aya moja, zima kioo cha simu, kisha iseme aya hiyo kwa Kiswahili kama unamweleza mwenyekiti wa mtaa. Ukikwama, rudia aya. Mimi hufika kurasa nne kwa safari, na zinanitosha.

Hatua ya 4: Leta somo nyumbani

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, na hapa ninaomba utulie. Kozi ya Uingereza itakutajia Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 ya England na Wales. Ni sheria nzuri kuisoma, lakini haikuongozi wewe ukiwa Moshi. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo jirani anayekunong'oneza jambo jioni hafanyi umbeya. Anatimiza wajibu wake, na anastahili kuambiwa hivyo.

Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari wima. Kushoto andika kozi inavyosema, kulia andika huku kwetu ni nani. Mstari wa kwanza wa daftari langu, kushoto, unasema "piga simu kitengo cha watoto cha halmashauri". Kulia nimeandika: afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, simu ya msaada kwa watoto 116. Mstari wa pili, kushoto, ni "familia ya kambo inayolipwa kulea mtoto asiye wake". Kulia nimeandika: bibi, shangazi, kikao cha ukoo. Sehemu utakayokosa cha kuandika kulia ipeleke kwenye kikao cha idara, kwa sababu huenda huduma hiyo haipo kabisa katika kata yako.

Hatua ya 5: Jaribu na mwenzako kwanza

Social Work England, wanaosajili wafanyakazi wa ustawi wa jamii kule England, wanamtaka kila mmoja aandike angalau maandiko mawili ya jinsi alivyojiendeleza kikazi kila mwaka, na moja kati yake awe amelitafakari na mwenzake. Kigezo hicho nimekiazima. Ijumaa mchana, nusu saa, mimi na dada mmoja wa ofisini tunafunga mlango. Majina ya wateja hayatajwi, wala hayaingii kwenye kundi la WhatsApp. Yeye alikaa chini akajifanya mtoto, mimi nikamkaribia. Mara tatu akaniambia, "Kaka, umeanza tena na maswali."

Hatua ya 6: Rudi kazini, kisha andika

Andika tarehe, ulichosoma, ulichobadilisha na kilichotokea. Cheti kikipatikana kihifadhi, kitakusaidia kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Ila andiko ndilo litakalokuonyesha usome nini tena.

Langu linasomeka hivi: "Stendi, saa kumi na moja jioni. Mtoto mwingine, msichana. Nimekaa chini kwenye saruji, nimetaja jina langu, nimesema nasaidia watoto na sina haraka. Fomu imebaki kwenye begi. Amekaa kimya muda mrefu, kisha ameuliza: Wewe ni polisi? Swali la kozi ijayo: nani amewafundisha kutuogopa?"