Kuprinti nakala za mchoro wa Tingatinga: usimamizi wa rangi ndio kazi yenyewe

Mchoraji mmoja wa Tingatinga hapa Dar es Salaam alitaka nakala za kazi zake kwa wateja wasiomudu mchoro halisi, au wasioweza kusafiri na hadibodi ya sentimita 60 kwa 60. Sehemu ya kwanza aliyopeleka kazi ilimtolea tembo wa zambarau. Tulikaa naye mpaka tembo akarudi kuwa kijivu, na njia tuliyopita ni hii. Nazungumzia rangi za mafuta zinazong'aa, zile alizozitumia Edward Saidi Tingatinga tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu hizo ndizo sumbufu kuliko zote.

Hatua ya 1: Printa na karatasi

Tumia printa ya wino wa pigmenti, yaani wino wa chembe za rangi usiopauka upesi. Epson SureColor P900 na Canon imagePROGRAF PRO-1000 zote zinafaa, na zote zinapokea karatasi ya upana wa inchi 17, yaani sentimita 43. Printa nyingi za matangi zilizojaa maofisini hutumia wino unaowahi kupauka. Zinafaa kwa barua, si kwa kazi ambayo mtu ataitundika sebuleni kwa miaka. Si lazima ununue. Tafuta mwenye nayo umlipe kwa kila nakala, ila muulize anatumia wino gani na profaili gani (faili la kusimamia rangi, nalieleza kwenye Hatua ya 4). Akishindwa kujibu hilo la pili, tafuta mwingine.

Karatasi za pamba zisizong'aa, kama Hahnemühle Photo Rag ya gramu 308, zinasifiwa sana, na kwa michoro ya rangi za maji nakubali. Kwa Tingatinga sizitaki kabisa. Weusi wake hupoa, na bila weusi mzito chui na ndege hawaruki mbele ya mandhari. Chukua karatasi ya barita, yenye tabaka la madini ya bariamu na mng'ao kiasi. Mimi natumia Photo Rag Baryta ya gramu 315.

Hatua ya 2: Kupiga picha mchoro

Kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, faili la RAW (ghafi, lisilochakatwa na kamera), taa mbili zinazofanana, kila moja pembe ya digrii 45. Hayo unayajua.

Usichokijua pengine ni mng'ao. Sogeza jicho karibu na mchoro wa ndege kanga: kando ya kila nukta nyeupe rangi imeinuka kidogo, na pale ilipoinuka kuna kijistari cha mwanga wa taa. Kamera inakichukua kijistari kile kama rangi, na printa inakiprinti. Dawa ni kuweka karatasi ya plastiki ya polaraiza (inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) mbele ya kila taa, zote zikielekea upande mmoja, na filta ya polaraiza kwenye lenzi. Zungusha ile ya lenzi taratibu huku ukitazama hadi vijistari vifutike. Mwanga utapungua sana, kwa hiyo ongeza muda, usiongeze ISO. Rangi nazo zitaonekana zimekolea kuliko kawaida, ndiyo maana unapiga kadi ya rangi yenye vipande 24 chini ya taa zilezile, filta zikiwa vilevile.

Kamera ya megapikseli 24 ikipiga mchoro wa mraba inakupa pikseli 4,000 kila upande. Kwa nakala ya sentimita 40 hiyo ni karibu pikseli 250 kwa inchi. Inatosha.

Hatua ya 3: Faili

Nyoosha, kata kingo, rekebisha kwa kadi ya rangi, hifadhi TIFF ya biti 16. Usipambe.

Hatua ya 4: Rangi isimamiwe na mmoja tu

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima na wino wa pesa nyingi. Nenda polepole.

Kila printa, pamoja na wino wake na karatasi uliyoweka, ina tabia yake. Profaili ya ICC ni faili dogo linaloieleza kompyuta tabia hiyo. Watengenezaji wa karatasi huzitoa bure kwenye tovuti zao. Pakua ya printa yako hasa na ya karatasi yako hasa. Ya karatasi "inayofanana" haifai.

Sasa, wanaoweza kuitumia profaili ni wawili: programu unayoprintia na dreva ya printa, yaani programu ndogo inayoiendesha printa. Wote wakishika kazi, rangi inarekebishwa mara mbili, na mara nyingi picha inatoka imevamiwa na wekundu wa zambarau. Yule tembo aliharibikia hapo. Ukijikuta unapunguza nyekundu kwenye faili, unaprinti, unapunguza tena, acha. Faili halina kosa.

Kwenye Photoshop, fungua dirisha la kuprinti, chagua "Photoshop Manages Colors", kisha profaili yako. Halafu ingia kwenye mipangilio ya printa uzime usimamizi wa rangi wa dreva. Kwenye Mac, dreva nyingi hujizima zenyewe. Kwenye Windows unazima kwa mkono wako, na hapo ndipo wengi wanasahau.

Bado. Ndani ya dreva kuna aina ya karatasi, na hiyo ndiyo inayoamua wino unamwagwa kiasi gani na weusi upi utumike. Profaili ilitengenezwa kwa chaguo moja tu. Ukiweka jingine, rangi zitakosea hata kama mengine yote uko sawa. Jina la chaguo hilo limeandikwa kwenye maelezo yanayokuja na profaili, na mara nyingi halifanani na jina la karatasi yako, kwa hiyo usibahatishe.

Ukishapatia, hifadhi mipangilio yote kwa jina. Hata hivyo, ikague kila unapoprinti, kwa sababu dreva ikisasishwa inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani.

Kuna rangi za mafuta, hasa chungwa kali, ambazo wino hauzifikii. Kwenye dirisha la kuprinti, sehemu ya "Rendering Intent" (namna ya kushughulikia rangi zisizofikika), anza na "Relative Colorimetric". Ukiona mandhari inayofifia kutoka njano kwenda nyekundu imekatika mistari, jaribu "Perceptual". Mwambie mchoraji mapema kwamba chungwa lile litatulia kidogo.

Punguza pia mwanga wa skrini. Ikiwaka kama ya dukani, kila nakala utaiona nyeusi.

Hatua ya 5: Kipande cha majaribio

Printi ukanda wenye rangi ngumu zaidi, uweke kando ya mchoro wenyewe karibu na dirisha lisilopigwa na jua. Linganisha na mchoro, wala usilinganishe na skrini.

Hatua ya 6: Nakala na sahihi

Acha nakala ikauke saa 24 kabla ya kuifungia kwenye fremu, la sivyo kioo hupata ukungu kwa ndani. Barita haishiki penseli vizuri. Mchoraji asaini pambizoni kwa kalamu ya wino wa pigmenti, na namba ya nakala, tuseme 3/25, iandikwe palepale pembeni ya sahihi.